Usaili wa Watani

Soweto, Mbeya
14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Batuli,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku wazima. Baridi ya mwaka huu haina adabu, Babu Muhidini anavaa makoti mawili dukani na bado anafokea kila mteja asiyefunga mlango. Mama anakusalimia sana. Mdogo wangu Siwema yuko darasa la nne, anafanya vizuri, ila bado akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Baba naye hajambo. Tatizo ni kwamba akisikia neno usaili anaondoka mezani, amesema hataki lizungumzwe tena nyumbani kwake. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Samahani Shangazi, lakini wewe ukiongea kwenye simu hata jirani anaitikia. Barua nampa Gerson, kondakta wa basi, anasema ulimshonea shati la harusi na anakuogopa mpaka leo.

Sasa nikwambie. Nimeangushwa. Sisemi nimeanguka, nasema nimeangushwa.

Alama zangu za Form Six unazijua, ulipigia vigelegele mpaka ukakauka koo. Chuo cha meno cha Nyotamilima wanachukua watu wachache, na kabla hawajakuchukua wanakuita usaili. Asubuhi walitupa kila mmoja kipande cha chaki na kisu kidogo, tuchonge gego. Mama mmoja wa jopo alilishika langu, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akasema mikono hii imesoma. Yaani niliingia chumbani nimeshajiona daktari.

Mwenyekiti wao ni Dk. Kashindye. Akaniuliza kwa nini meno, kwa nini nisiende udaktari wa kawaida. Nikamweleza ya Siwema. Nikamwambia jinsi bibi mmoja wa Ilomba alivyomchimba ufizi kwa spoku ya baiskeli akiwa mchanga, eti homa yake inaletwa na meno ya plastiki, na jinsi meno ya ukubwani yalivyokuja kuota yamepinda na mengine hayakuota kabisa. Nikasema nataka mama mwenye mtoto wa homa awe na mtu mwingine wa kumpelekea.

Halafu Kashindye akauliza, "Wewe kabila gani?" Nikasema Mzaramo, babu yangu alitoka Kisarawe. Akapiga meza kwa furaha. "Kumbe mtani! Mimi Msukuma! Sasa nyie Wazaramo kazi yenu ngoma na kulala, jino la mtu utaling'oa au utalipigia mdundiko mpaka lidondoke lenyewe?"

Wote wakacheka. Shangazi, ni wewe uliyenifundisha kwamba mtani akikurushia unamrudishia, ukinyamaza umemdharau. Nikamwambia, "Afadhali sisi, mtani. Nyie ng'ombe mnamfungua mdomo mkahesabu meno yote kabla ya kumnunua, lakini ya kwenu mnakuja kuyajua yakishadondokea kwenye maziwa." Jopo likaangua kicheko, mzee mmoja alivua miwani akafuta machozi. Kashindye alitabasamu, akaandika kitu. Nikatoka nikijua nimepita.

Jina langu halikutoka. Nilipokwenda kuuliza, Bi Faustina wa ofisi ya udahili alinivuta pembeni. Akasema alama zangu za darasani ziko juu, za chaki ziko juu, ila mwenyekiti amenipa sifuri ya staha, kwamba natukana wakubwa. Halafu akaninong'oneza kwamba jino la mbele la Kashindye ni la bandia na chuo kizima kinajua. Mimi nilijuaje? Wallahi sikujua.

Nataka aumie, Shangazi. Silali vizuri. Nimeshaandika habari yake niipandishe mtandaoni na picha yake. Nataka naye akalishwe mbele ya watu, aulizwe maswali, wamcheke, na asiwe na pa kukimbilia.

Nijibu haraka.
Binti ya kaka yako mwenye hasira,
Ruwaida


Miyomboni, Iringa
2 Oktoba 2024

Mwanangu Ruwaida,

Waalaykum salaam, na marahaba mama. Mimi mzima, ila magoti yamegoma kupanda kilima. Cherehani zote mbili zinalia kutwa, kuna harusi ya Kihehe wanataka sare ya watu wengi, na kila mmoja ana shangazi yake wa kusema kola ibadilishwe. Msalimie mama yako. Baba yako mwambie akiondoka mezani aondoke na sahani yake akaioshe.

Hayo ya mtandaoni yafute. Sikuombi, nakwambia. Ukimwaga uchafu kule watakaoucheza ni watu wasiokujua, na kesho watakugeukia wewe.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Angekutukana tu ningesema huyo ni mtu mwenye kiburi, dunia imejaa wao, tupite. Lakini alisema mtani. Mtu akishalitamka neno hilo, meza imeondoka. Mwenyekiti hayupo tena, wamebaki Msukuma na Mzaramo. Babu zetu na babu zao walizikana kwa utani huo, walilishana kwa utani huo, mtu anaingia kwa mtani wake anachukua jogoo na hasemwi mwizi. Sasa yeye aufungue utani kwa mdomo wake, arudishiwe, kisha achukue kalamu? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Hata Kulwa, Msukuma anayeniletea mchele kutoka Usangu, nimemsimulia bila kutaja jina, ameshika kichwa. Amesema kwao mtu wa hivyo hawezi kusimama mbele ya wazee.

Nijibu haya. Huyo Kashindye kwao ni wapi? Wazazi wake wako hai? Wanakaa wapi? Usiniulize ya nini, sitakujibu.

Na chaki usiache. Chonga kila siku mpaka vidole vikuchukie.

Wako asiyesahau,
Shangazi Batuli


Soweto, Mbeya
19 Januari 2025

Mpendwa Shangazi,

Assalaam alaykum na shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Gerson alihamishwa njia, barua yako ikakaa kwenye droo ya gari mpaka Desemba, ilinifikia na harufu ya mafuta. Huku mvua zimeshika, matope mpaka kwenye ngazi ya duka. Babu alipata kikohozi, sasa amepona. Mama analalamika nyumba nzima ina vumbi jeupe kama kwa mpiga plasta. Ni mimi na chaki zangu.

Uliyouliza ni haya. Bi Faustina anakaa mtaa wa pili na ananunua kwetu, hivyo sikuhangaika. Kashindye kwao ni Usangu, mbele ya Ubaruku. Baba yake alishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga, akafia hukohuko. Mama yake yuko hai, mtu mzima sana, anaumwa.

Sasa nisikilize, Shangazi, na mimi nakuomba kitu. Nimeamua kuomba tena mwaka huu. Nyotamilima ni ileile, jopo ni lilelile, na mwenyekiti wao huyohuyo. Usidhani nimepoa. Juzi nilimwona sokoni anachagua parachichi, anayabonyeza moja moja, nikajikuta nimeshika nguzo ya kibanda mpaka mwenye kibanda akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Bado namchukia. Lakini nakitaka kile kiti kuliko ninavyotaka aumie. Nimejiandaa, kila swali ninalo jibu lake, na safari hii hata akinitania nitainamisha kichwa nicheke kidogo kama mjinga.

Kwa hiyo chochote ulichobandika jikoni, tafadhali kiepue. Niahidi.

Mwanao,
Ruwaida


Miyomboni, Iringa
11 Mei 2025

Mwanangu Ruwaida,

Waalaykum salaam. Ya Januari niliipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu ambalo ungelipenda.

Huku salama. Ile harusi ilipita, kola zilipendeza, wale mashangazi wote wakadai ni wazo lao. Kuna baridi ya asubuhi inayoingia mpaka kwenye meno, wewe ndiye utakayejua kwa nini. Kamwambie babu yako nimempelekea kofia ya sufu, aivae, asiiweke kabatini kungoja Idi.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani Usangu, kwa watu wa Kulwa. Marehemu alikuwa mama mtu mzima. Msiba ulikuwa na watu wengi, chakula kilitosha, tulizika vizuri. Kanga yangu ya maua imeharibika kwa udongo, ukija usiiulizie. Mengine hayafai kuandikwa.

Soma.
Shangazi Batuli


Soweto, Mbeya
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo, wote wazima, kofia anaivaa.

Jana Bi Faustina alikuja dukani akanunua sukari, akalipa, akabaki amesimama. Watu walipopungua akaniuliza, "Ruwaida, yule mama aliyelala kaburini ni nani wako?" Nikadhani anazungumzia ndoto. Akasema chuo kilitoa basi, walikwenda Usangu kumzika mama yake Dk. Kashindye, na mambo aliyoyaona pale hajawahi kuyaona tangu azaliwe. Nikamwomba aniambie. Akakataa! Akasema, "Mimi mlokole, mambo ya watani siyasimulii, muulize mwenyewe." Halafu akaongeza kwamba Kashindye tangu siku ile hajakanyaga ofisini, na kwenye chumba cha walimu jina langu linatajwa. Langu, Shangazi. Mimi niliyekuwa huku nachonga chaki.

Nilikwambia kiepue. Nilikuomba uniahidi na wewe ukanyamaza miezi yote, ukaniletea habari za kola! Usaili ni Agosti. Nani atanichukua sasa? Nitaingia mle chumbani kila mmoja ananiona mimi ni yule ambaye shangazi yake alivuruga mazishi ya mama wa mtu. Umemzika yule bibi na mimi humohumo.

Sijawahi kukuandikia hivi. Lakini ulifanya nini? Niambie chote, na usinifiche hata neno moja, nimechoka kufichwa.

Ruwaida


Miyomboni, Iringa
29 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Karipio lako limenifikia na nimelimeza. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekuchapa, lakini ulimi huo nilikupa mimi. Sasa tulia nikusimulie, na kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Kulwa alinipigia alfajiri. Akasema, "Mtani, tumefiwa, mama yake Kashindye." Mpaka hapo alikuwa ameshajua ni nani, nilimwambia zamani. Nikamwuliza, "Nije?" Akajibu, "Ukiacha kuja nitakudharau." Nikafunga duka.

Mtani haendi msibani kukaa mkekani. Nilichota maji, nikasonga ugali wa watu nisiowajua majina, nikasugua masufuria makubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto ndani yake. Nililia pia, na sikulia kwa kuigiza, mama wa mtu ni mama wa mtu. Wakanirushia wee, wakasema Mzaramo leo ameamka mapema sababu amesikia harufu ya nyama. Nikawarudishia. Kashindye alipita karibu yangu akacheka, akanipa mkono, akaniita mtani! Hakuna aliyemlazimisha.

Siku ya kuzika walipoliweka jeneza kando ya shimo, nikapenya. Nikavua kandambili, Kulwa akanishika mkono, nikashuka. Magoti yaligoma, nikaanguka kidogo, nikajilaza chali na kanga yangu. Nikasema, "Hapa pangu, nimechoka, mpelekeni marehemu kwingine." Watu wakacheka kwa machozi, ndivyo ilivyo, mtani anafungua vifua. Wakanipa ugoro ili nitoke, nikakataa. Wakaleta kuku, akanipigia kelele juu ya uso, nikakataa. Kashindye akainama pale juu, suti nyeusi, wenzake wa chuo wamejipanga nyuma yake. Akasema kwa upole, "Mtani, sasa unataka nini?"

Nikamwambia, "Nataka usaili. Mimi mwenyekiti, jopo ni watu wote hawa."

Wakapiga makofi. Akakubali, angefanyaje?

"Mtani akikutania, unafanya nini?"

"Namrudishia."

"Akikurudishia na yeye, watu wakacheka?"

"Nacheka nao."

"Umefaulu mawili. La tatu. Mwaka jana mbele ya meza yako ya usaili kulikuwa na binti wa Kizaramo. Ukamtania, akakurudishia, watu wakacheka. Ulifanya nini?"

Ruwaida, nilikuwa chini namtazama yeye kule juu, nikaona anavyoelewa. Kwanza macho, halafu mdomo. Kicheko cha watu kikakatika. Akasema, "Mama, hayo ni mambo ya ofisini, hapa si mahali pake." Nikasema, "Utani ofisini aliuleta nani?"

Alikuwepo mjomba wake, mzee Mihayo, mwenye fimbo, ndiye mkubwa wao. Akasogea. "Kashindye, umemfanya nini mtani?" Kashindye akashika tai yake. Akaulizwa tena. Mzee akasema, na sauti hiyo bado iko masikioni mwangu, "Jibu. Mama yako yuko juani."

Akajibu. Hakunitazama mimi, alitazama jeneza. "Alinijibu vizuri kuliko nilivyomtania. Wenzangu wakanicheka. Nikampa sifuri."

Mzee Mihayo akasema neno la Kisukuma, fupi. Kulwa mpaka leo amekataa kunitafsiria. Kisha akamwamuru mpwa wake anitoe yeye mwenyewe kwa mikono yake, na suti yake hivyohivyo. Akaingia, akanibeba. Udongo ulimpaka mpaka kwenye tai. Wakati amenishika nilimwambia kitu sikioni, na hicho hata wewe sikwambii.

Uliniuliza kama nilivuruga mazishi. Muulize Msukuma yeyote wa pale, atakwambia mtani alikuja akafanya kazi yake. Yeye Kashindye hawezi kunishtaki popote, maana atakayemshtakia atamuuliza ilianzaje. Ulitaka akalishwe mbele ya watu asiwe na pa kukimbilia. Uliandika mwenyewe. Aliyeko juu mngoje chini, na mimi nilimngoja chini kabisa.

Nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi njia nzima mpaka Mafinga. Ila alipokuwa anamshusha mama yake niliona anataka kulia na hawezi, macho ya watu yalikuwa yamemkaukia usoni. Kile kilio nilimnyang'anya mimi. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu, usije ukamwambia baba yako.

Nenda kwenye usaili wako. Vaa ile sketi ya kijivu, nimeishusha pindo, Gerson anayo.

Shangazi yako, ukipenda usipende,
Batuli


Soweto, Mbeya
21 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Batuli,

Assalaam alaykum na shikamoo sana. Babu mzima, Mama mzima, Baba amerudi mezani. Siwema ameanza kuringa, anawaambia wenzake shuleni dada yake atawakagua midomo. Sketi ilinikaa. Najua nimekunyima barua tangu Juni. Nilikuwa sijui nikushukuru au nikugombeze, na leo nitafanya vyote.

Nimepita. Jina langu ni la kwanza. Kabla hujapiga vigelegele, soma ilivyokuwa.

Kashindye hakuwepo, alijitoa mwenyewe kwenye jopo, akabaki kufundisha tu. Walikaa wengine. Wenzangu waliotangulia walikuwa wanatoka na jasho, mmoja wa Makambako alitoka analia. Nikaingia. Wakasimama, Shangazi! Wakubwa wale wakanisimamia. Wakaniuliza safari ilikuwaje. Natoka Soweto, ni bajaji moja! Wakaniuliza napenda chakula gani. Yule mama aliyesifu mikono yangu mwaka jana hakunipa hata chaki. Walinikaribisha maji, wakanikaribisha tena, wakaniambia karibu sana chuoni, wakafunga jalada. Hakuna jino hata moja lililotajwa mle ndani. Niliingia na majibu ya mwaka mzima nikatoka nayo yote pamoja na chupa ya maji.

Walikuogopa wewe. Mimi hawakuniona.

Nilisimama koridoni nikalia kwa hasira, na safari hii nilikukasirikia wewe kuliko yeye. Yeye alininyima kiti, sawa. Lakini wewe ulinipatia kiti ukaninyima kukishinda. Nitakaa darasani na yule wa Makambako, kama naye amepita, na yeye atajua amepita kwa nini. Mimi je?

Basi nikapanda juu mpaka mlango wenye jina la Kashindye. Nikabisha. Alikuwa anasahihisha karatasi. Aliponiona akasimama, akarudi nyuma kidogo, nadhani alitazama kama nimekuja na wewe.

Nikamwambia, "Jopo halijaniuliza kitu. Niulize wewe."

"Mimi si wa jopo tena."

"Najua. Niulize."

Akafunga zile karatasi, akavuta kiti. Akatoa chaki kwenye droo na kisu. Nikachonga huku ananiuliza, na hakucheka hata mara moja wala hakuniita mtani. Akaniuliza habari za mzee aliyetoka mbali anataka jino ling'olewe wakati linaweza kuzibwa, na kurudi tena hana uwezo. Nikajibu. Akasema nimekosea, sikumuuliza jino limeanza kumuuma lini. Nikakubali, ni kweli nilikosea. Akaniuliza ya mjamzito, akaniuliza ya mtoto anayeng'ata. Akanibishia, nikambishia. Shangazi, nilikuwa na furaha niliyokuwa naisubiri tangu mwaka jana, na aliyenipa ni huyo huyo ninayemchukia.

La mwisho akauliza akiwa anatazama gego langu la chaki. "Siku moja umehitimu. Anakuja mgonjwa, jino linamuuma, analala kwenye kiti chako, anafungua mdomo. Ni mimi. Umeshika sindano. Unafanya nini?"

Nikafikiri kweli. Nikamwambia, "Nakupiga ganzi, nasubiri ishike vizuri. Naliziba jino lako lidumu kuliko wewe mwenyewe. Na muda wote huo mdomo wako uko wazi, mwenye kuzungumza nitakuwa mimi peke yangu."

Aliliweka gego langu mezani, akalisogeza upande wangu. "Umefaulu," akasema. "Hata mwaka jana ulikuwa umefaulu. Nilijua siku ileile."

"Na mimi nilijua," nikamwambia. "Nilitaka tu uniambie mimi, bila mtu kulala kaburini."

Akaniomba radhi. Kwa kukaa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu mzima. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia nimesikia. Sikusema nimekusamehe, na yeye aligundua kuwa sikusema. Nilifunga mlango taratibu.

Kwa hiyo asante, Shangazi, na usirudie tena. Haya ya kwangu yaliyobaki niachie nimalize mwenyewe. Masomo yanaanza mwezi ujao, ni miaka mitano, na somo la kila asubuhi la mwaka wa kwanza ni la Kashindye. Nimeomba nikae mstari wa mbele. Atakapoingia nitakuwa wa kwanza kusimama, nitamtazama usoni, nitamwambia shikamoo kwa heshima zote ulizonifundisha, na kila asubuhi atalazimika kunijibu.

Mwanao,
Ruwaida